Kwa nini msukosuko wa hewa unakufa usiku ndani ya modeli yangu?

Swali: Shikamoo Mwalimu. Nasoma shahada ya uzamili Dodoma. Utafiti wangu unahusu upepo wa usiku katika nyanda za Singida, kwa ajili ya umeme wa upepo, na ninatumia uigaji wa visulisuli vikubwa, yaani modeli ya kompyuta inayokokotoa visulisuli vya hewa vinavyoonekana kwenye gridi na kukadiria vilivyo vidogo zaidi. Gridi ni ya mita 10, eneo ni kilomita 5 kwa 5, kimo kilomita 2. Mchana mambo yanakwenda vizuri. Usiku naiagiza ardhi ivute joto kutoka hewani kwa wati 30 kwa kila mita ya mraba. Upepo wa jiostrofiki, yaani ule wa juu usioguswa na msuguano wa ardhi, nimeuweka mita 6 kwa sekunde, latitudo ya Singida. Baada ya saa 3 hivi msukosuko unakufa kabisa, upepo unakuwa laini kama mafuta, na jotoridi la ardhini linaporomoka mpaka namba zinakuwa za kuchekesha. Nimebadilisha hatua ya muda, nimehamia kompyuta nyingine, hali ni ile ile. Je, programu ina kasoro, au usiku wa Singida ndivyo ulivyo?

Jibu: Marahaba. Nilipolisoma swali lako mara ya pili nilitabasamu, maana kosa hilo hilo liliwahi kunila miezi minne nikilaumu programu. Kompyuta yako ni nzima, na programu nayo naamini ni nzima. Umeiagiza hewa ibebe mzigo ambao kwa upepo ulioipa haiwezi kuubeba, kisha ukaupunguza upepo wenyewe bila kujua. Gridi yako imemalizia kazi. Nitaanza na mzigo, kwa sababu ndio unaoeleza lile poromoko.

Mchana wa Singida ni chungu kinachotokota. Ardhi inapasha hewa kutoka chini, mabonge ya hewa ya moto yanapanda kilomita 1 au 2, na visulisuli vinavyofanya kazi kubwa vina upana wa mamia ya mita. Gridi ya mita 10 inaviona bila taabu, na hata ukikosea hapa na pale chungu kinaendelea kutokota, maana moto uko chini yake. Jua likizama, ardhi inaendelea kutoa joto lake kwenda angani kwa mnururisho, inapoa kuliko hewa iliyo juu yake, na hewa baridi, ambayo ni nzito, inalala chini. Umeuona moshi wa majiko ya mkaa saa mbili za usiku: unapanda kidogo kupita mapaa, kisha unajilaza kama shuka na kubaki hapo. Umesikia pia ngoma ya kijiji cha pili inavyofika wazi usiku kuliko mchana. Sauti inapindwa kurudi chini na hewa hiyo hiyo, baridi chini, vuguvugu juu.

Ndani ya hewa iliyopangika hivyo, kisulisuli kinachotaka kupanda lazima kinyanyue hewa nzito na kushusha iliyo nyepesi, na kila mnyanyuo unakula nguvu zake. Mapato yake pekee yanatokana na upepo: juu unavuma kwa kasi, chini unazuiwa na msuguano wa ardhi, na tofauti hiyo ya kasi ndiyo inayozaa visulisuli. Hesabu ya mapato na matumizi haya aliiandika Lewis Fry Richardson mwaka 1920, ndiyo maana tuna namba ya Richardson, inayopima matumizi dhidi ya mapato. Mwaka 1961 John Miles na Louis Howard wakathibitisha kihisabati kwamba mtiririko uliopangika hauwezi kuvurugika wenyewe iwapo namba hiyo inazidi 0.25 kila mahali. Msukosuko wa usiku, kwa maneno mengine, ni duka la mtaji mdogo. Mchana unaweza kupoteza nusu ya mtaji na duka lisifungwe. Usiku ukipoteza robo tu, umefunga.

Sasa zitazame zile wati 30. Usiku, joto linalotoka hewani kwenda ardhini halina mpagazi mwingine wa maana isipokuwa visulisuli. Kuiambia modeli "leta wati 30" ni kuahidi mzigo kabla ya kuuliza wapagazi wako wangapi. Fikiria upepo wa kasi fulani kwenye kimo cha mita 10. Hewa isipopangika hata kidogo, wapagazi ni wengi lakini hakuna tofauti ya jotoridi ya kubeba, hivyo mtiririko wa joto ni sifuri. Ikipangika kupita kiasi, tofauti ya jotoridi ni kubwa lakini wapagazi wamelala, na mtiririko unarudi sifuri. Kati ya sifuri hizo mbili kuna kilele. Ukiagiza zaidi ya kilele, hesabu haina jibu. Ukiagiza chini yake, ina majibu mawili, moja la msukosuko wenye nguvu na jingine la msukosuko hafifu, na modeli haijui wewe ulikusudia lipi.

Kilele hicho unaweza kukipata kwenye karatasi kabla hujawasha kompyuta. Chukua kanuni ya Monin na Obukhov ya mwaka 1954, inayounganisha upepo wa karibu na ardhi na msuguano na mtiririko wa joto, kwa umbo lake la usiku lenye logi pamoja na mstari ulionyooka, na kigawe cha 5. Shika upepo mahali pamoja, acha kasi ya msuguano (nguvu ya msuguano wa upepo na ardhi, ikielezwa kama kasi) ibadilike, tafuta mtiririko mkubwa kuliko wote. Utaona kilele kinatokea kasi ya msuguano ikiwa imeshuka hadi theluthi mbili ya ile ambayo upepo huo ungekuwa nayo katika hewa isiyopangika. Ukubwa wake ni 4/27 ya kasi hiyo ya hewa isiyopangika kwa mraba, mara upepo, ukigawa kwa kimo mara 5. Hapo una mtiririko wa kuelea, yaani kasi ambayo uzito wa hewa unakula nguvu za visulisuli. Zidisha kwa jotoridi la hewa katika kelvini, gawa kwa mvutano wa dunia, kisha zidisha kwa uzito wa hewa na uwezo wake wa kuhifadhi joto, na utapata wati.

Nimekufanyia hesabu kwa nyasi na vichaka, kipimo cha mparuzo (ardhi inavyoukwaruza upepo) mita 0.1, hewa ya nyuzi 17 kwenye mwinuko wa mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Upepo wa mita 4 kwa sekunde kwenye kimo cha mita 10 unaweza kubeba hadi wati 43. Wa mita 3 unaishia wati 18. Wa mita 2, wati 5 na ushei. Kikomo kinafuata upepo kwa kipeo cha tatu, kwa hiyo upepo ukipungua nusu kikomo kinapungua mara nane. Wati zako 30 zinadai upepo wa mita 3.5 hivi kwa sekunde, usiku kucha, bila kupumzika. Ukishuka hadi 3.4, umeagiza muujiza.

Na programu haikatai miujiza. Inaendelea kuchota wati 30 kutoka chumba cha kwanza cha gridi kila sekunde. Hakuna kisulisuli cha kuleta joto kutoka juu, hivyo chumba kinapoa. Kikipoa hewa inapangika zaidi. Ikipangika zaidi visulisuli vilivyobaki vinakufa. Na wewe bado unachota. Poromoko uliloliona ni mzunguko huo. Sukanta Basu na wenzake waliliandikia onyo mwaka 2008 katika jarida la Acta Geophysica, wakionyesha kwamba katika hewa tulivu mtiririko wa joto haufai kutumika kama sharti la mpakani, yaani namba unayoilazimisha modeli kwenye ukingo wake. Bado naona watu wakifanya hivyo, na siwalaumu sana: mchana njia hiyo ni halali kabisa, na mazoea yana nguvu.

Dawa ni kuiambia modeli jotoridi la ardhi linavyoshuka, kisha uiache ikokotoe mtiririko yenyewe. Msukosuko ukidhoofika mtiririko nao unapungua, kupoa kunapungua, na hewa inapata nafasi ya kuvuta pumzi. Kama una subira zaidi, unganisha modeli ya udongo ili mnururisho, joto la udongoni na visulisuli vigawane deni la usiku. Kwa udongo wa kichanga, mkavu, jambo hili lina uzito: mchanga mkavu unapitisha joto kidogo sana kutoka chini, kwa hiyo uso wake unapoa upesi mara jua linapozama.

Sasa upepo. Hapa ndipo maelekezo yaliyoandikwa kwa nchi za mbali na ikweta yanakuangusha, na nadhani hakuna aliyekutahadharisha.

Mfano mashuhuri kuliko yote wa uigaji wa usiku, ule unaoitwa GABLS1, umewekwa kwenye latitudo ya nyuzi 73 kaskazini, karibu na barafu ya Aktiki. Huko nguvu ya Coriolis, inayotokana na mzunguko wa dunia, ni kubwa. Msuguano unapougeuza upepo kidogo ili ukate mistari ya kanieneo (presha ya hewa), sehemu ile inayokata inasukumwa na Coriolis kurudi kwenye njia kuu, na kwa njia hiyo inalipa gharama ya msuguano. Sehemu ya mita 2 kwa sekunde tu inatoa msukumo wa karibu 0.00028 katika mita kwa sekunde kwa sekunde, ambao unakaribia kutosha.

Singida iko karibu nyuzi 4.8 kusini. Kigezo cha Coriolis hapo ni kidogo mara 11 kuliko kule. Tuseme kasi yako ya msuguano ni mita 0.2 kwa sekunde na tabaka lenye msukosuko lina kina cha mita 120. Msuguano unaivuta safu hiyo nyuma kwa 0.00033, yaani inapoteza mita 1.2 kwa sekunde kila saa. Ili Coriolis ya Singida ilipe deni hilo, sehemu ya upepo inayokata mistari ya kanieneo ingepaswa kuwa mita 27 kwa sekunde. Wewe umeweka upepo wote mita 6! Kwa hiyo hakuna anayelipa. Katika saa 3 safu yako ingepoteza mita 3.6 kwa sekunde kama msuguano usingelegea kadiri upepo unavyolegea. Upepo wa mita 6 juu, ambao mwanzoni pengine unaacha kama mita 4 kwenye kimo cha mita 10, unavuka kile kizingiti cha mita 3.5 mapema, na saa ya tatu hesabu inavunjika. Nadhani sasa unaona kwa nini ni saa 3, na kwa nini kubadilisha kompyuta hakukusaidia.

Kuna njia ya haraka ya kukumbuka jambo hili. Alfred Blackadar alieleza mwaka 1957 kwamba jua likizama, upepo ulio juu kidogo ya ardhi unaachiliwa na msuguano na kuanza kuzunguka kama pendulamu, na usiku wa manane unapita hata kasi ya jiostrofiki. Muda wa mzunguko mmoja ni saa 12 ukigawa kwa saini (sine) ya latitudo. Nyuzi 73: saa 12 na nusu. Kansas, nyuzi 37 na nusu: karibu saa 20. Singida: saa 143, siku 6 kasoro kidogo. Jua linachomoza kabla pendulamu yako haijafika popote. Vivyo hivyo kanuni za kukadiria kina cha tabaka la usiku zenye Coriolis kwenye kigawanyo zitakupa majibu makubwa mno kwa latitudo yetu, ziache.

Mikondo ya kasi ya usiku ipo Afrika Mashariki, ila ina wazazi wengine. Ule wa Turkana unapita kwenye mwanya kati ya nyanda za juu za Ethiopia na zetu, unakazwa na umbo la ardhi na tofauti za joto, na una nguvu kuanzia usiku hadi asubuhi; ndio unaozungusha mitambo 365 ya umeme wa upepo iliyojengwa karibu na ziwa. Singida nayo ina kusi, ina nyanda zinazoinuka, ina bonde la ufa kwa karibu. Usiuweke usiku huo ndani ya namba moja ya jiostrofiki.

Ufanye nini basi? Chukua msukumo mkubwa, yaani mteremko wa kanieneo na upepo unaoletwa kutoka kando, kutoka modeli ya hali ya hewa ya eneo pana, uubadilishe saa kwa saa. Ndivyo ilivyofanywa katika zoezi la GABLS3, lililoiga usiku mmoja wa Julai 2006 kwenye mnara wa mita 213 wa Cabauw, Uholanzi. Ukiwa na vipimo vya mnara wako Singida, unaweza pia kuuvuta polepole wastani wa upepo ulio juu ya tabaka ufuate vipimo hivyo. Tahadhari moja: chukua msukumo kutoka modeli kubwa, lakini upepo wake wa chini usiuamini. Modeli nyingi za utabiri huchanganya hewa ya usiku kupita kiasi kwa makusudi, kwa sababu zisipofanya hivyo uso wa ardhi unaporomoka baridi kama ulivyoporomoka wako. Wataalamu wa utabiri wanalijua hilo, na wamechagua kosa dogo ili kukwepa kubwa. Matokeo yake tabaka lao la usiku ni nene mno na mkondo wao wa kasi ni butu, na kwa mtu anayepima umeme wa upepo hilo ni kosa la fedha.

Tuje kwenye gridi. Katika hewa iliyopangika kuna ukubwa ambao kisulisuli hakiwezi kuuzidi bila kubanwa na uzito. Unaitwa kipimo cha Ozmidov, kwa jina la mtaalamu wa bahari wa Kisovieti. Unaupata kwa kugawa kasi ya kupotea kwa nguvu za msukosuko kwa kipeo cha tatu cha marudio ya kuelea (jinsi hewa iliyosukumwa inavyoyumba upesi juu na chini), kisha kuchukua kipeuo cha pili. Usiku wenye upepo wa kutosha, kwa namba 0.001 na 0.02, unapata mita 11. Usiku hafifu, kwa 0.0001 na 0.03, unapata chini ya mita 2. Gridi inahitaji vyumba kadhaa ili ikione kisulisuli kimoja. Kwa gridi ya mita 10, usiku wa kwanza unaona kivuli tu, na wa pili huoni kitu. Vingi vya visulisuli vyako vya usiku havikuuawa na hewa. Havikuwahi kuzaliwa ndani ya gridi yako.

Washiriki wa GABLS1, ambao matokeo yao Robert Beare na wenzake waliyachapisha mwaka 2006, walijaribu gridi za mita 12.5 hadi mita 1. Zile pana zilitoa tabaka nene kuliko zile finyu, na hata kwenye mita 1 majibu hayakukubaliana kikamilifu. Mwaka 2016 Peter Sullivan na wenzake walikwenda hadi sentimita 39, vyumba 1,024 kila upande, wakaona jambo ambalo gridi pana ilikuwa inalificha: kingo kali za jotoridi zilizolala kimshazari ndani ya tabaka, zinasafiri na upepo kama mawimbi yaliyofumwa pamoja. Sikuambii ufike huko. Nakuonyesha tu kwamba mlango huo haujafungwa.

Usiogope gharama, maana hapa kuna habari njema. Eneo lako la mchana lina vyumba 500 kwa 500 kwa 200, jumla milioni 50. Usiku huna haja ya kilomita 5, kwa sababu visulisuli ni vidogo na tabaka ni jembamba. Sanduku la mita 400 kila upande linatosha kuanzia. Kwa gridi ya mita 2 lina vyumba milioni 8. Hatua za muda zitakuwa nyingi mara 5, kwa kuwa upepo hauruhusiwi kuruka chumba, lakini milioni 8 mara 5 ni 40. Bado uko chini ya mchana wako. Watu wengi huchukua sanduku la mchana na kuliendesha usiku kwa uvivu tu. Juu, kuanzia mita 300, weka tabaka la kufyonza mawimbi. Hewa iliyopangika hupeleka mawimbi juu, na dari isiyofyonza huyarudisha chini yakaja kutikisa kile unachokipima. Kama umepata dalili kwamba tabaka lako linazidi mita 250, ongeza kimo.

Kuhusu visulisuli vidogo kuliko gridi, nitasema machache. Kanuni ya Smagorinsky ya mwaka 1963 yenye kigawe kisichobadilika huzima uchanganyaji mapema mno usiku au kuula msukosuko mchanga, inategemea ulivyoirekebisha. Zile zinazojirekebisha zenyewe kwa kutazama visulisuli vinavyoonekana hufanya kazi nzuri zaidi kwenye gridi pana. Lakini dawa ya gridi mbaya ni gridi nzuri. Kila unapomaliza jaribio, linganisha msuguano unaobebwa na sehemu ya chini ya gridi na ule unaobebwa na visulisuli vinavyoonekana. Katikati ya tabaka, sehemu ya chini ya gridi ikibeba zaidi ya moja ya tano, mimi huyaweka matokeo kando. Mtu akikushauri uzime athari ya mpangilio ndani ya kanuni hiyo ili "msukosuko usife", mshukuru na usimsikilize.

Kabla ya Singida, ifanyie modeli yako mtihani. Weka GABLS1 yenyewe: sanduku la mita 400, upepo wa jiostrofiki mita 8 kwa sekunde, latitudo 73 kaskazini, mparuzo mita 0.1. Jotoridi la mwanzo ni kelvini 265 hadi mita 100, kisha linapanda kelvini 1 kwa kila mita 100. Ardhi inapoa robo ya kelvini kila saa, kwa saa 9. Mwanzoni tikisa jotoridi kwa bahati nasibu, kama 0.1 ya kelvini, chini ya mita 50. Usipotikisa mapema, hewa inapangika kabla visulisuli havijaota, na hapo utakuwa umeiua kwa mara ya nne. Chukua wastani wa saa ya mwisho. Kwa gridi ya mita 3 au chini, tarajia tabaka la kina cha mita 150 hadi 200, kasi ya msuguano kati ya 0.25 na 0.30, na karibu na kilele cha tabaka upepo uliozidi ile mita 8. Usipopata hivyo, tatizo liko kwenye programu au maandalizi yako, wala Singida isitajwe bado. Mtihani wenyewe si mgumu: robo ya kelvini kwa saa ni kupoa kwa upole, na nyanda kavu chini ya anga jeupe hupoa haraka zaidi. Sullivan alifika hadi kelvini 1 kwa saa. Panda ngazi hivyo hivyo, 0.25, kisha 0.5, kisha 1, ukiipunguza gridi kila unapoongeza ukali.

Sasa ile nusu ya pili ya swali lako: je, usiku wa Singida ndivyo ulivyo? Mara nyingine, ndiyo. Oktoba 1999 huko Kansas, karibu na mji mdogo wa Leon, watafiti walizunguka mnara wa mita 60 na vifaa vingi kwa mwezi mzima, katika kampeni ya CASES-99. Waliona usiku ambao msukosuko unalala kabisa, halafu unazuka kwa dakika chache bila taarifa: wimbi limepita juu, au ulimi wa hewa baridi umeteleza kutoka upande mwingine. Waliona pia kwamba kila kimo kina kizingiti chake cha upepo. Chini ya kizingiti msukosuko ni mnong'ono, juu yake unaruka ghafla. Ukiwa na data ya mnara wako, chora nguvu za msukosuko dhidi ya upepo wa kimo hicho hicho, usiku wote wa msimu kwenye mchoro mmoja. Pale mchoro unapopinda ndipo kizingiti cha Singida kilipo, na utajua usiku upi modeli yako inapaswa kuwa hai na upi ina haki ya kulala.

Kwa usiku wa aina ya pili, sanduku lenye kingo zinazojirudia (hewa inayotoka upande mmoja inaingia tena upande wa pili) halitakupa jibu la kweli hata ukiteremka hadi sentimita. Huko kinachoamua ni mteremko wa ardhi, hata wa mita 1 kwa kilomita, ni korongo la jirani, ni mawimbi kutoka vilimani, na mnururisho wa hewa yenyewe. Ila kwa bahati usiku huo haukuhusu sana, kwa sababu mitambo yako itakuwa imesimama.

Usiku wenye upepo ndio wa kwako. Anza na sharti la jotoridi, msukumo unaobadilika saa kwa saa, sanduku la mita 400 na gridi ya mita 2. Ukipata saa 6 bila poromoko, nitumie michoro miwili: kasi ya msuguano kwa muda, na wastani wa upepo kwa kimo hadi mita 200. Tukishauona mkunjo wa upepo kwenye ule wa pili, tutazungumza juu ya urefu wa mnara wa mtambo wako.